Karantini ya Vyura Watatu

Alhamisi, Mbinga mjini. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Saa nne jua lilichungulia, likarudi lilikotoka.

Wenzangu tuliomaliza darasa la saba pamoja, leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa bodaboda, maana wao watatia chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Mnajua pale ninaposhonea nina tangi la kioo. Shemeji yangu wa Mbamba Bay ndiye aliyenipa, pamoja na vyura wawili wa majini, wale bapa wenye kucha, wanaoishi humo humo majini. Wateja wanawapenda. Mtu anasubiri suruali yake, anatazama vyura, halalamiki. Wiki iliyopita nikaokota chura wa tatu kwenye shamba langu la kahawa kule Mkumbi. Huyu ni wa nchi kavu, mnene, vipele mgongo mzima. Nikamtumbukiza na wenzake. Niliona chura ni chura. (Mke wangu aliuliza, "Umeongea na hao vyura wenyeji lakini?")

Leo asubuhi nafungua mlango, chura mmoja wa majini amevimba kama mpira, anaelea. Wa pili anabanduka ngozi, inaning'inia kama nailoni. Yule wa shambani amejibana kwenye kona, pua juu, anahema.

Hapo nikajiamini. Mnanijua, mimi si mtu wa kujiamini, hata kipimo cha kiuno napima mara tatu. Lakini semina ya homa ya nguruwe nilihudhuria, siku mbili, nimekaa mstari wa mbele. Tulifundishwa: ukiona dalili, tenga, mwaga chokaa mlangoni, zuia watu, toa taarifa. Kama nguruwe anatendewa hivyo, chura amekosa nini? Haki ni haki.

Nikamwaga chokaa getini, upana wa hatua mbili. Nikafunga kitambaa chekundu (kilibaki kwenye sare za kwaya). Nikaandika kwenye boksi kwa herufi kubwa: KARANTINI. WAGONJWA WAMO NDANI. USIPITE. Kisha nikamtumia ujumbe afisa mifugo: "Daktari, ugonjwa umeingia kwangu. Mmoja amevimba, mwingine anabanduka ngozi. Nimeshatenga." Sikuandika ni mnyama gani. Nilihofia nikiandika chura hatakuja.

Nikakaa kwenye cherehani, nimeridhika kabisa.

Sasa, nyuma ya nyumba nafuga nguruwe wawili. Na jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Mama Bahati, mjane, naye ana dume lake kubwa la nguruwe ambalo leo lilikuwa linachukuliwa na mnunuzi wa Songea. Hela hiyo ndiyo ya kumpeleka Bahati chuo cha uuguzi. Anatakiwa kuripoti Jumatatu. Nilijua yote hayo, sare zake nimeshona mimi.

Saa tatu nikasikia gari linakuja, linasimama, linarudi kinyumenyume. Haikupita dakika, Mama Bahati yuko getini, nje ya chokaa.

"Baba Neema, kumbe unaweza kunificha jambo."

"Nimekuficha nini, mama?"

"Homa imeingia bandani kwako, mimi naisikia kwa mnunuzi? Kasoma boksi lako, kageuza gari. Anasema mtaa huu hanunui hata mkia."

"Nguruwe wangu wazima."

"Nani anaumwa sasa?"

Nikaikunja futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, nikaikunjua.

"Baba Neema. Nani anaumwa?"

"Vyura."

Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Afisa mifugo akafika hapo hapo, dada kijana, gambuti na ovaroli, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wagonjwa wako wapi, bandani?"

"Wapo chumba cha kushonea."

Aliinama kwenye kioo muda mrefu. Sitamsema vibaya, alijizuia sana asicheke.

"Huyu wa vipele nani kamweka humu?"

"Mimi."

"Baba, huyu ana sumu kwenye ngozi. Akiogopa anaitoa. Humu hana pa kukanyaga, kwa hiyo anaogopa kutwa nzima. Na chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi. Umewanywesha sumu wiki nzima."

"Na huyu anayebanduka?" (Nilitaka niwe nimepatia hata kwa mmoja.)

"Anajivua gamba tu. Mzima huyo."

Chura, kama amesikia, akaivuta ile ngozi kupitia kichwani kama anavua fulana, akaitia mdomoni, akaimeza. Mtu mmoja dirishani akasema, "Mgonjwa anakula vizuri."

Daktari akampigia mnunuzi. Mnunuzi akagoma: hadanganywi kwa simu, kama ni vyura wapelekwe awaone. Basi yule wa vipele tukamwachia migombani, wawili waliobaki wakaingia ndooni. Nikapanda bodaboda, ndoo mapajani, Mama Bahati nyuma yangu.

Mnunuzi alikuwa anakunywa supu karibu na stendi, na wanunuzi wenzake watano. Akachungulia ndoo.

"Hii ndiyo karantini?"

"Ndiyo hii."

"Sema kwa sauti, wenzangu nao wasikie. Wote wameshaambiwa mtaa wenu una homa."

Nikasimama katikati ya meza. "Ndugu zangu, nguruwe wa mtaa wetu ni wazima. Walioumwa ni vyura wangu, na niliyewaumiza ni mimi."

"Miaka yote watu wananificha nguruwe mgonjwa," mnunuzi akasema. "Leo ndiyo naona mtu anatangaza chura."

Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Mmoja aliangalia ndoo, akaangalia bakuli lake, akalisogeza mbali. Mimi nimesimama, maji ya vyura yanashuka kwenye suruali niliyoishona mwenyewe.

Saa saba gari likarudi, dume likapakiwa. Jumatatu Bahati anakwenda chuo.

Aliyevimba nimemweka peke yake kwenye beseni la maji ya mvua. Jioni hii amepiga teke mara mbili. Sijui kama atapona, siwezi kuwadanganya.

Tumekula ugali na dagaa wa ziwani, na Mama Bahati amekula nasi. Nimemsomea haya yote kabla sijayatuma. Amesema yako sawa, ila niongeze kwamba neno samahani nilimwambia baada ya gari kurudi kuchukua dume, si kabla. Ni kweli. Nimeongeza.