Herufi Tatu za Terry

Siku Terry alipofariki, Ofisi ya Mawasiliano ya Heshima, tawi la Ndhiwa, ilitangaza kwa fahari kuu kwamba hatimaye imeidhibiti HTK. Kuanzia siku hiyo, herufi hizo zisionekane pamoja hadharani. Pamela, dadake marehemu, alilisoma tangazo kwenye grupu la majirani akiwa bado amesimama mlangoni mwa mochari.

HTK ilizaliwa katika saluni ya Terry. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Bwana Omanga, alikuwa na desturi ya kuwaarifu wananchi, kwenye grupu hilo la majirani, jinsi tumbo lake linavyoendelea. Asubuhi moja alifafanua, kwa aya nne, aliyoyapitia baada ya maharagwe ya harusi. Terry, mikono imejaa mafuta ya nywele, alijibu kwa kidole kimoja: HTK. Omanga akauliza hiyo ni idara gani.

"Hatukuuliza, baba," Terry akamwandikia.

Kufikia Jumapili wachimba dhahabu wa Masara walikuwa wakijibizana hivyo shimoni. Kule Ntimaru mchuuzi wa mahindi alimkatiza nayo mteja aliyeanza kusimulia mambo ya chumbani. Mhubiri mmoja aliambiwa HTK katikati ya ushuhuda wake, akaketi, na ibada ikaisha mapema, watu wakamshukuru Mungu kwa dhati.

Ofisi iliona hatari. Wananchi wakizoea kutouliza, viongozi watamweleza nani? Kamati ikaundwa, ikaenda Homa Bay kujifunza, ikala samaki, ikapiga marufuku.

Pamela alitaka jambo moja tu: fulana za mazishi zenye picha ya Terry na zile herufi zake. Omanga alimwonya kwamba zikionekana, kibali cha vipaza sauti kitafutwa.

"Tutamkumbuka kwa maneno yenye staha," alisema. "Tumependekeza 'Ahsante kwa Taarifa.'"

"Terry hangesema hivyo."

"Ndiyo maana tumependekeza."

Siku ya mazishi watu walifika na jaketi zimefungwa hadi shingoni, na jua lile. Omanga akashika maikrofoni kutoa rambirambi fupi. Akaeleza kwamba hataketi, kwa kuwa ana jipu. Akaeleza lilipo. Akaeleza rangi yake. Mkewe, kwenye kiti cha mbele, akainamisha kichwa.

Pamela hakuwa amelia tangu mochari. Akafungua zipu. Nyuma yake ikafunguka nyingine, halafu boma zima likawa zipu tupu. Omanga alipofika kwenye usaha aliinua macho, akamwona Terry akitabasamu kwenye kila kifua, na herufi tatu chini ya kila kidevu. Mkewe naye akasimama, akafungua yake.

Omanga akafuta kibali papo hapo. Fundi wa mitambo akatii, akaizima maikrofoni aliyokuwa ameishika mkurugenzi. Pamela akacheka hadi machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukoma. Waombolezaji wakaanza kuimba. Kuimba hakukuhitaji kibali.

Siku hizi Omanga bado huandika kuhusu tumbo lake kila asubuhi. Wa kwanza kumjibu HTK huwa ni mkewe. Namba ya Terry ingali kwenye grupu. Msimamizi ni Pamela, na hajaitoa.