Yah: Kupinga Kuhamishiwa Meza ya Kukunja Bahasha

Ndugu Nadeem Jafferali,
Mmiliki wa kiwanda cha uchapaji,
Ngokolo, Shinyanga.

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, ingawa uliitoa umekunja uso. Mimi ni msahihishaji wako mwaka wa sita sasa, na darasa la tano nilikufundisha Kiswahili. Kwa unyenyekevu naomba upime haya:

1. Ni kweli kadi mia tatu za harusi zilikwenda Segese zikisema, "Vumilia anaonewa na Boaz," badala ya "anaolewa." Lakini hiyo ni herufi moja! Nyingine zote zilikaa mahali pake, na hakuna aliyenipongeza.

2. Nimesoma historia. Wachapaji wa kwanza kule Ulaya walimwekea msahihishaji mtu wa kumsomea mswada kwa sauti, yeye akifuatisha prufu, ile nakala ya majaribio, kwa macho. Mimi nasomewa na redio ya fundi viatu wa jirani.

3. Wasahihishaji wengine wa enzi hizo walilala na kula kwa mwenye kiwanda. Pilau ya mkeo, Mama Shehnaz, naijua kwa harufu tu. Mtu mwenye njaa atatofautishaje l na n?

4. Kosa likigundulika, wao walichapa orodha ya masahihisho mwishoni mwa kitabu, maisha yakaendelea. Hawakumkunjisha mtu bahasha.

5. Kwa hiyo naomba cheo cha Msahihishaji Mkuu, chumba kwako, na bahasha uzikunje wewe.

Nisalimie Mama Shehnaz, Bujiku wa mtambo, na paka wa stoo ya karatasi.

Wako katika nukta na mkato,
Mwl. Thobias Jilala

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, ameingia mama yake Vumilia na jogoo. Anasema wajomba waliposoma kadi walimwita binti, wakamuuliza, "Ni kweli unaonewa?" Akalia, akafunua mkono wenye alama za mkanda. Harusi imevunjwa, na ng'ombe wa mahari wanarudishwa kwa kina Boaz. Mama akanishika mikono: "Mwalimu, sisi tunakaa naye hatukuona. Wewe umeona."

Nilitaka kumweleza. Nikapokea jogoo.

Ukweli, Nadeem, ile prufu niliiandika "Sahihi, chapa" bila kusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa nimesinzia. Bahasha nitakunja.