Ndani ya armoire ya Kakule

Barafiki, leo nilikula haya mupaka nikashiba.

Munanijua: miye ni menuisier, fundi wa mbao, hapa Bulengera, mwaka wa kumi na ine sasa. Ngambo ya barabara kuko Kakule, menuisier pia. Mutu wa juzi! Ni miye nilimufundisha kushika rabot ya kulainisha mbao.

Mwaka uliopita Kakule alienda formation Beni, kujifunza kazi wiki mbili. Akarudia na akili mupya: kutumika kazi bila kupoteza kitu. Kila chombo kiko na picha yake kwa ukuta. Nyundo imechorwa, musumeno umechorwa. Hatengenezi kitu chenye hakuna mutu aliomba. Na kitu kikiisha, hakilale mu atelier hata saa moja. Kinaenda kwa mwenyewe.

Miye nilicheka. (Niko na vitanda tisa vyenye havina miguu. Na mètre yangu ya kupimia, natafutaka kila asubui, kumbe iko kwa shingo.) Mais ba client bakaanza kuvuka barabara. Kuona ba client yako banavuka barabara, inauma kupita jino!

Leo saa sita Kakule na batumishi bake bakaenda kula. Mulango wazi. Nikajiambia: dakika mbili tu, nione ile siri.

Nikaingia. Vumbi? Hapana. Vipande vya mbao chini? Hapana. Roho ikaniwaka. Nikatosha nyundo yake kwa ukuta, nikaitundika mahali pa musumeno. (Ndiyo. Mutu muzima, papa ya batoto batano.)

Mara sauti inje. Banarudi! Katikati kulikuwa armoire mupya ya mbao ya libuyu, kabati ya nguo. Nikaingia ndani, nikavuta mulango.

"Nani ametundika nyundo kwa musumeno?" Kakule akauliza. (Aliona palepale! Miye ningeona kisha mwezi.) "Na hii armoire, imeisha?"

"Imeisha, patron."

"Donc inangoja nini? Itoke!"

Krrk. Ufunguo.

Batu ine bakaninyanyua.

"Patron, iko nzito! Mbao haijakauka!"

"Mbao yangu? Haijakauka?" Kakule akakasirika. "Mubebe!"

Na miye mu giza nikafanya nini? Nikatafuta makosa. Nikapapasa viungo vyote na vidole. Nafasi ya kupitisha mwangaza? Hapana. Ya kupitisha sisimizi? Hapana. Hata pumuzi yangu ilikosa njia. Nikatamani kulia, hapana ju ya woga. Ju ya ile kazi.

Tukapanda, tukashuka. Mbwa akabweka. Ile sauti ya mbwa, naijua… Bakanitua chini.

"Wasingya, Kakule!" mwanamuke akashukuru. "Miaka nane nguo zangu ziko mu carton, na niko bibi ya menuisier! Umefanya muzuri kuleta wakati yeye iko kazini."

Masika. Bibi yangu! Alificha faranga za mboga yake ya poireaux miezi yote, ju ya armoire ya Kakule!

Na hakukuwa yeye peke yake. Bamama bote ba shirika yake ya kanisa balikuya kuona. "Fungua, tuone ndani!"

Krrk.

Mwangaza. Miye hapa, magoti kwa kidevu.

Mama mumoja akafanya alama ya musalaba.

"Papa Muhindo," Masika akauliza pole pole, "unafanya nini mu armoire yangu?"

Nikagonga ubao na kidole. "Niko… naangalia kama iko solide."

"Na iko solide?"

Kakule pia ananiangalia. Ningeweza kusema hapana. Ulimi ukakataa.

"Iko," nikasema.

Kakule akanipa mukono, akanitosha inje. Alijua yote, mais hakunitukana. "Aksanti, mwalimu," akasema tu. Bora angenipiga!

Sasa Masika anafungua armoire, anafunga, anafungua tena. Mulango hautoe hata sauti. Na amemuomba Kakule anitafutie nafasi kwa formation ya Beni.

Tafazali, musicheke. Masika anacheka tangu saa nane, anacheka kwa niaba ya mutaa wote.