Kompyuta Inayowatunzia Viti Wageni Iliyowafukuza

Kambi ya wakimbizi Dzaleka, Malawi, Novemba 2019

Kwa Bwana Fundi wa Kompyuta, City Centre, Lilongwe, ambaye pia ni mjukuu wangu Guelord,

Heshima yako kwanza, ugomvi baadaye. Watu wanatoka Dzaleka asubuhi kwenda kuuza maharage Lilongwe na wanarudi kupika cha jioni. Wewe tangu Pasaka hatujaona hata kisigino chako. Au barabara wameikunja? Kiti chako kiko pale pale ukutani na hakuna anayekikalia. Hata mzee Sinzinkayo, na ule mguu wake, alipokuja kuniona nilimgeuzia ndoo.

Mi sikusoma, unajua. Nasema, René anaandika, na nimemkataza kulainisha maneno. René, kama umemsahau naye, njo yule anayetunza kompyuta ya kanisa, ile uliyoifunga kwa mikono yako, inayowagawia watu wayalesi, intaneti isiyo na waya.

Kwa unyenyekevu wote, malalamiko yangu ni haya.

1. Mtoto wa dada yako Arlette, kule Kanada, hana jina. Katika familia yetu jina la mtoto wa kwanza linatoka kinywani mwa mkubwa, mtoto mwenyewe akisikia, na watu wakiwa wamekaa kushuhudia. Halitumwi kwa ujumbe kama bei ya sabuni. Kila Jumapili tunajaa kwenye chumba cha kompyuta. Arlette anatokea kwenye kioo na mtoto mapajani. Namsalimia, nauliza habari za baridi, za mkwe, za mama wa mkwe. Nikifungua mdomo kusema jina, kioo kinaganda: Arlette kaacha mdomo wazi, mtoto kafumba jicho moja. Kwenye karatasi wamemwandika jina la ukoo tu, na nyumbani wanamwita Bébé. Ameshaota meno, bado ni Bébé.

2. René amechunguza. Kosa haliko kwenye umeme, wala halitokani na salamu zangu kuwa ndefu kama ulivyodai kwenye simu, na hilo sijalisahau. Kosa liko kwenye draiva, yaani kile kiprogramu ndani ya mfumo wa kompyuta kinacholinda mlango wa wayalesi. Alinieleza hivi:

"Nyanya, kila simu yenye kubisha, ile draiva inaitolea kiti. Simu ikikosa neno la siri, inafukuzwa, lakini kiti hakirudishwe. Kinabakia mu memori. Nyumba inajaa viti, mwenye nyumba anakosa fasi ya kukanyaga, njo anaganda."

Guelord, mi nimekaa kwenye nyumba zilizojaa watu maisha yangu yote. Mgeni ukimfukuza, kiti unakirudisha. Huyo aliyeandika hicho kiprogramu hakulelewa na mtu?

3. Na hao wageni ni nani? Ni mashahidi wangu mwenyewe. René alibadilisha neno la siri, lakini simu za watu bado zinashika lile la zamani. Zinabisha zenyewe, kwenye mifuko, kwenye sidiria, kwenye pindo za vitenge, na wenye simu hawajui kitu. Kadiri watu wanavyompenda mtoto ndivyo kompyuta inavyokufa haraka. Niliwaomba waache simu nyumbani. Mmoja wao, Odette, alinitazama kama nimemwambia aache masikio. "Nyanya Fortunée," akasema, "na kama wale ba kusafirisha bantu bananiita leo?" Amesubiri kuitwa apande ndege ahamie nchi nyingine tangu watoto wake wakiwa wadogo, nikamwambia aingie nayo. René anasema hata mtu mwenye roho mbaya anaweza kusimama nje na kubisha makusudi mpaka mashini ife. Nikamwambia adui hatumhitaji, hawa wanaotupenda wanatosha.

4. Kuna ofisi moja huko mjini, siitaji. Nilikwenda nikajieleza tangu siku tuliyotoka Bukavu, wakanikataa. Niliporudi, karani yule yule, na ile kalamu yake sikioni, akaniuliza mimi ni nani. Nikaanza upya tangu Bukavu. Sasa tazama: hapa tuna mashini isiyomsahau yeyote iliyemkataa, na kule kuna mtu anayemsahau kabla hajafika mlangoni. Naomba kwa heshima wabadilishane kazi. Kompyuta iende ofisini. Karani aletwe Dzaleka, awekwe kwenye mlango wa wayalesi, na memori haitajaa kamwe. Nsima, ugali wa huku, atapewa.

5. Umetuma ujumbe kwamba dawa iko kwenye intaneti, René aishushe, wewe huna haja ya kuja. Nimemkataza kuigusa. Mkono ulioleta mashini njo utaitibu. Na ukiitibu, uifundishe sheria hii: asiyeingia ndani asahauliwe, na kiti chake apewe mtu aliyepo. Hilo njo ombi langu kubwa, na sitalipunguza.

Nisalimie mke wako Amanda, na yule mama mwenye nyumba wenu wa Area 36, mwambie asante, zikomo, kwa ile bamia. Huku wote ni wazima, isipokuwa mguu wa Sinzinkayo.

Ni mimi, ninayekudai sura yako,
Nyanya Fortunée
(kidole chake hiki hapa)

N.B. Barua ilikuwa bado inatafuta mtu wa kuibeba, Jumapili ikafika. René hakunisikiliza. Aliishusha dawa yako kabla watu hawajaja. Simu zikabisha, zikafukuzwa, viti vikarudishwa, kioo hakikuganda. Nimelisema jina na mtoto amepiga chafya, kwa hiyo amelipokea. Anaitwa Guelord. Basi yote ya kwanza mpaka ya nne uyafute, na mashini haina haja nawe tena.

Ya tano nayo, pamoja na ile sheria ya viti, uifute. René alipomaliza kuiandika aliangalia kiti chako ukutani, akamwangalia Sinzinkayo kwenye ndoo, akaniuliza: "Nyanya, na weye nikushushie ile dawa?" Nimemwambia aandike, anyamaze.

Siku utakayokuja, usibishe hodi. Ingia tu, ukae.