Vita vya Maktaba Mbili kwa Ajili ya Nguruwe wa Kuchoma

“Silaha unayo ndani, unakwenda kuazima ya nini?” Wilfreda aliuliza juu ya ukuta wa bati.

“Ya ndani butu, dada. Hii ya nje dunia nzima inaitumia,” akajibu jirani yake Crisanto.

“Dunia nzima haina shangazi kama wako.”

Sogeeni, enyi wapenda habari, mwenye kijiko akitue, msikie mambo yaliyotukia Cebu, kule Ufilipino, mkesha wa sikukuu ya mtaa! Crisanto bin Abundio, Simba wa Kibodi, Mpasua Mitandao, alikuwa amekula kiapo kizito. Mwaka uliopita nguruwe mmoja wa kuchoma aliuzwa kwa koo mbili, maana ukurasa wa maagizo wa shangazi yake, Manang Potenciana, haukubadilika mpaka mtu aufungue upya. Na koo zile hazijasalimiana hadi leo. Safari hii nguruwe akinunuliwa atoweke papo hapo machoni pa wote. La sivyo, kazi inahamia kwa binamu yake wa mji jirani wa Mandaue, yule wa miwani ya jua.

Ufundi huo wa kubadili ukurasa bila kuufungua upya huitwa Ajaksi, na kiunzi cha programu alichojengea tovuti kilikuja nao tumboni, pamoja na maktaba yake ya Javaskripti, yaani ghala la amri za kompyuta zilizokwisha kuandikwa. Shujaa akaidharau, akaingiza maktaba ya kigeni juu yake. Ole! Wafalme wawili, kiti kimoja: kila maktaba ilidai alama ya dola ni jina lake, ikiitwa hii inaitika ile, na kitufe cha kununua kikafa shahidi.

“We mtoto,” Manang akaita kutoka uani, “nabonyeza, nguruwe ananitazama tu.”

Simba akabonyeza mwenyewe, wapi!

“Kaka, kazi yako kumfuta nguruwe mmoja,” akasema Wilfreda, “wewe umeita jeshi la kuteka bara. Mrudishe mgeni kwao.”

“Na ya ndani ikishindwa?”

“Nitaziomba radhi koo zote mbili mwenyewe, nimevaa gauni langu la harusi.”

Crisanto akafumba macho, akaifuta maktaba ya kigeni, akaandika mstari mmoja tu kwa lugha ya kiunzi. Manang akabonyeza. Na kwenye kompyuta ya Wilfreda, ng'ambo ya bati, nguruwe mnono akafifia, akatoweka, na ukurasa haukupepesa hata ukope. Enyi vizazi vijavyo, andikeni: siku hiyo nguruwe mmoja alikuwa na mwenyewe mmoja.

“Kumbe ya ndani inakata,” Crisanto akanung'unika.

“Sema kwa sauti, bati linameza maneno.”

“Wilfreda,” Manang akadakia, “unaning'inia ukutani kama nguo mbichi kwa nini? Zunguka mlangoni, wali umeshapakuliwa.”