Mfumo wa Nyuki Usio na Kufuli

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nina miaka sabini na sita. Nimeuzika ukoloni, nimevizika vijiji vya ujamaa, na nimemzika daktari aliyesema moyo wangu hauvuki Pasaka. Nilimtupia udongo mwenyewe.

Nimeishia darasa la nne. Lakini naandika! Polepole, kama mtu anayepanda mti na mzinga kichwani.

Mimi ndiye Jilala, mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki hapa Gongoni. Mizinga yetu iko porini, njia ya Ulyankulu. Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Anayekitaka kiti changu ni Zablon, mstaafu wa reli, mtu wa mizinga ya masanduku. Eti fremu za masega za mzinga huu zinaingia mzinga ule. Mzinga gani huo? Mimi natoboa gogo zima kwa mikono yangu.

Mjukuu wangu Asnath amemaliza chuo Dodoma. Anatutengenezea mfumo wa mtandaoni. Asali itauzwa humo, na safari hii kura zitapigwa humo humo, kwa simu. Nimewaambia watu wazo ni langu. Lilikuwa la Zablon, ila yeye ana sauti ndogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua jambo la aibu. Asnath hajengi! Anachomeka!

Nilimkuta barazani na kompyuta yake. Nikamwuliza amefikia wapi. Akasema, mume wangu, nimemaliza mlango, nimemaliza picha, kesho nachomeka kura. (Ananiita mume, kama wajukuu wa kwetu wanavyowatania babu zao. Mimi namwita mke wangu asiyejua kupika.) Nikauliza amemalizaje upesi hivyo. Akasema vipande viko tayari, watu wengine duniani walishavitengeneza, wakaviacha kila mtu avitumie. Yeye anachagua, anaunganisha, anarekebisha vikae kwetu.

Vipande vya watu! Kama sanduku la Zablon!

Nikamwambia babu yangu mimi alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani, kwa mabega yake, hakuazima bega la mtu. Akacheka. Akasema, na usiku alilala wapi? Si kwenye kambi iliyojengwa na msafara uliotangulia? Au kila jioni alianza kukata miti upya na pembe begani?

Nikamwambia chai imepoa.

Ijumaa, 7 Machi

Usingizi sina. Zablon ana watu. Anawapakia kwenye pikipiki ya shemeji yake, anawapeleka kuona masanduku yake, wanarudi wamelainika.

Asnath ananifundisha kupiga kura. Unaandika namba ya simu, halafu namba ya siri, halafu unagusa uso wa unayemtaka. Ukibadili mawazo unagusa tena. Ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, mpaka saa sita mchana ya Jumamosi. Nikamwuliza, na mtu asiyeijua namba yako ya siri? Akasema haingii. Kipande cha mlango ni kufuli.

Hapo akili ikaniwaka. Kufuli likitoka je?

Mzinga wa Mnyamwezi hauna kufuli. Una alama ya mwenyewe, imechongwa kwa shoka. Wangu ni mkia wa kinyonga. Wa Mhoja ni misalaba miwili. Mzinga unakaa porini mwaka mzima na hakuna anayeugusa. Ndivyo tulivyolelewa. Basi mfumo nao uwe hivyo! Mtu aguse alama yake tu, aingie. Nani atapinga mila?

Na mimi ni mtu wa kuamka mapema.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimewakusanya wanachama. Nimesema kama ambavyo sijawahi kusema. Nikauliza tangu lini Mnyamwezi anamfungia mwenzake asali. Nikauliza nani hapa ameshasahau namba yake ya siri. Mikono ikajaa! Makofi!

Asnath akasimama. Akasema, wazee wangu, porini mwizi anaogopa nyuki na anaogopa kuonwa. Kwenye simu hakuna nyuki. Zablon, cha ajabu, hakupinga. Alikuwa anatazama dari na kutabasamu. Nikajua nimemweza.

Njiani Asnath akasema si kitu, kuna kipande kingine kinachokumbuka simu ipi imegusa nini na saa ngapi. Nusura nidondoke kwenye mtaro. Nikamwambia hicho ni kipande cha umbea, na chama cha Wakristo hakitunzi umbea. Kitoke!

Akasema babu, viongozi wa chama cha wafuga nyuki cha Nzega wanakuja kuuona mfumo huu, na wakiupenda ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana. Nikasema wataupenda zaidi ukiwa mwepesi.

Jumatano, 12 Machi

Hasara! Kipande cha mlango kilipong'oka, vingine vilivyokiegemea vikaanguka. Picha za asali zimepinda. Bei zimekwenda kwa watu wasiohusika. Asnath amekesha anashona. Hatanii leo. Nikamwambia ndiyo faida ya kuchomeka, angejenga mwanzo hadi mwisho yasingetokea. Akasema mfumo ulikuwa umesimama mpaka nilipouwekea mkono.

Kwa kinyozi Zablon amewaambia watu kwamba Mzee Jilala siku hizi ni fundi wa mtandao, ila simu anaishika kama anayempima kuku homa. Watu wakacheka na sabuni usoni. Nilicheka pia. Nikicheka hivyo, moyoni namlaani.

Jioni Asnath amemaliza. Ameondoa jina lake chini ya ukurasa. Nikasema weka langu. Ameliweka, akaenda kulala.

Jumamosi, 15 Machi

Herufi zangu leo zimepinda. Kwa hasira, si uzee.

Niliamka kabla ya jogoo. Nikagusa misalaba ya Mhoja, nikagusa uso wangu. Nikagusa jembe la Anton, nikagusa uso wangu. Alama baada ya alama. Uso wangu mzuri! Hata jua halijatoka nilikuwa nimeshinda. Nikanywa chai na mke wangu Levina kwa furaha, simu nikaiacha mezani nikaenda kuoga.

Saa sita, ghalani kwa chama. Asnath akayamulika matokeo ukutani. Zablon! Zablon amenishinda vibaya! Na kibaya zaidi, mkia wa kinyonga, alama yangu mimi, umempigia Zablon!

Nikasimama. Nikapiga kelele kwamba huu ni wizi, kwamba asubuhi Mhoja alikuwa wangu, Anton alikuwa wangu, wote walikuwa wangu!

Ghala zima likageuka kunitazama.

Mhoja akainuka taratibu. Akasema shikamoo mzee. Akauliza alikuwa wangu saa ngapi, maana simu yake haina chaji tangu jana.

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia hata kwenye harusi. Nikadai ichunguzwe nani amebadilisha kura zangu. Zablon, bila haya, akasema naye anataka uchunguzi, mwenyekiti atuonyeshe. Mshenzi! Najua watu wake walikaa mgahawani tangu saa mbili wakigusa alama za wenzao. Nimeona vikombe. Lakini Asnath akasema kipande kinachokumbuka nani kagusa nini kilitolewa kwa amri ya mwenyekiti. Akasema hivyo tu, akafunga kompyuta. Wale wageni wa Nzega walikuwa wameketi mstari wa mbele.

Chakula cha usiku nikamwambia Levina nitamjua tu aliyegusa mkia wa kinyonga. Akanipakulia mchicha. Akasema ni yeye. Akasema alifanya nikiwa naoga. Akasema tangu niwe mwenyekiti sijawahi kumaliza sentensi bila kumtukana mtu, na sasa nimefika kwa mtoto wa mwanangu. Akaniuliza kama nataka ugali zaidi.

Amefundishwa na Zablon. Hilo halina mjadala.

Jumapili, 16 Machi

Zablon amemwomba Asnath arudishe vile vipande. Amevirudisha mchana mmoja! Mlango, umbea, vyote. Vimeingia kama havijawahi kutoka. Wageni wa Nzega wameangalia na kuitikia kwa vichwa, wamempa kazi. Anaondoka kesho.

Alikuja kuaga. Akapiga magoti. Shikamoo babu. Nikasema marahaba. Nikangoja utani. Nikamwambia mke wangu unaniacha na nani? Akasema ubaki salama, babu. Akaenda kumkumbatia bibi yake kwa muda mrefu sana.

Sikujali. Vumbi lilikuwa jingi barazani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka mzima. Nimepata jawabu!

Kosa lilikuwa moja tu: niliacha vipande vya watu vibaki humo. Nilitoa viwili. Ningetoa vyote!

Naanzisha chama changu. Kitakuwa na mfumo uliojengwa kuanzia herufi ya kwanza, hakuna cha kuazima hata nukta. Nimeshamwona Yoramu aufanye. Yeye ni seremala, lakini fundi ni fundi. Amesema atafikiri. Kura tutapiga kwa alama, bila kufuli, kwa sababu wezi wote nimewaacha kule kwa Zablon. Mpaka sasa wanachama ni mimi. Nimejichagua mwenyekiti, na hakuna aliyepinga.

Anayedhani natia chumvi katika haya amwulize huyo Yoramu. Alikuwa ghalani, alikaa nyuma yangu kabisa. Alicheka mpaka akashika nguzo, lakini macho yalikuwa wazi.

Au amwulize Levina, ambaye hajawahi kusema uongo tangu nimwoe.

Hapana. Levina msimwulize.