Meli Nazo Zihamie Dodoma

Nikodemo Mazengo,
Mvumi, Dodoma.

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mkulima wa zabibu, nina miaka hamsini na minane, na sijawahi kugombana na meli yoyote. Naomba nafasi gazetini nieleze yaliyonipata.

Mwezi uliopita mke wangu Yudith na wenzake wa kikundi cha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walialikwa Dar es Salaam kuipokea meli ya kivita ya nchi rafiki. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Aliondoka akiwa mke wangu, akarudi mgeni rasmi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nahodha alipoisikia ngoma ya Yudith, alimpigia saluti na kumshukuru. Juzi nilipouliza chakula kiko wapi, Yudith alinijibu kwa upole kwamba mwanamume mwenye mizinga kumi na miwili amemwambia asante, na mimi mwenye jembe moja nimeshindwa kwa miaka thelathini na mmoja. Nilikwenda kujipakulia mwenyewe, kwa sababu ni kweli.

2. Siku hiyohiyo ilitia nanga meli ya watalii yenye mabwawa manne ya kuogelea. Yaani maji yanapelekwa baharini, ambako maji yapo, na huku kwetu uwele unakauka.

3. Watumishi wa serikali waliambiwa wahamie Dodoma, nao wakahama, mji wa serikali pale Mtumba umejaa. Meli peke yake ndizo zimekaidi uhamisho.

Kwa hiyo naiomba mamlaka husika ichimbe mfereji kutoka pwani mpaka Mvumi, ili siku nyingine nahodha akipiga saluti, nami niwepo nimwone usoni.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wanaofagia pia. Yudith angewasalimu, ila hajui kwamba naandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
N. Mazengo

Baada ya kusaini: Yudith ameikuta barua hii mezani na kuisoma yote. Hakukasirika. Ameniambia mwezi ujao inakuja meli nyingine, na mbeba ngoma wao, Joel, ameteguka mguu. Nimekubali kumshikia nafasi. Tafadhali mfereji usichimbwe kabisa. Meli zikifika Mvumi, nani atatulipia safari ya Dar? Ila wasomaji wa pwani wanisaidie jambo moja: mtu akiingia melini, viatu anavua?